Ukubwa wa Mwanga

Wameniandika kwa namba, shahidi wa kwanza,
nami nimeketi benchi la nyuma, Mtwara,
na kadi yangu ya mpiga kura mkobani,
kwa kuwa nilidhani wataniuliza.
Hawaulizi. Mahakama ya Rufani, kaniambia karani,
husikiliza karatasi, mama. Watu walishasikilizwa.

Majaji ni watatu.
Wa katikati analamba kidole, anafunua kurasa,
anauliza koroboi ilikuwa na mwanga kiasi gani.
Koroboi yangu!
Niliitengeneza mwenyewe kwa kopo la nyanya,
utambi nikachana kanga iliyochakaa.
Leo watu wazima wamevaa majoho wanaijadili
kama mahari.

Wanataka kujua ilikaa wapi
(juu ya kinu, nilikipindua),
hatua ngapi toka kinuni hadi mlangoni,
aliyeingia alisimama muda gani,
na kwa nini jina nililitaja siku ya tatu
na si usiku uleule, watu walipojaa uani.

Usiku ule, waheshimiwa, nilishika kichwa cha Mfaume
kisiachane na shingo.
Mdomoni hapakubaki jina la mtu,
hata langu.

Bakiri Nalyoto amesimama, amevaa ndara.
Miaka sita ya kungoja kitanzi
imemla mashavu, imemwachia masikio.
Huyu alikuwa akipanda mikorosho yetu utotoni
akatudondoshea mabibo, nami nikimfokea shuka, utavunjika.
Msimu ule waligombana, yeye na Mfaume,
kwa kilo arobaini zilizopotea kwenye mzani wa chama.
Kijiji kizima kilisikia. "Utaniona," alisema.
Nikamwona.
Mahakama Kuu niliapa nikasema nimemwona,
jaji akaandika, akaandika, kisha akasema anyongwe,
na mimi nikaenda kununua chumvi.

Wakili wa Serikali anainuka.
Nilidhani huyu ndiye wangu.
Anasema: hatuungi mkono hukumu hii.
Anasema maelezo ya onyo hayakusomwa yalipopokelewa.
Anasema ukubwa wa mwanga haukuelezwa.
Anakaa, anarekebisha tai.

Siku ya nne tukaitwa tena.
Hatia imefutwa. Adhabu ya kifo imetenguliwa. Aachiwe mara moja,
isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali.
Nikangoja wamtaje Mfaume Nampunju.
Walimtaja: marehemu.
Halafu wote tukasimama, wakatoka kwa mlango wao.

Mama yake na mimi tulirudi kwa basi moja,
yeye viti viwili mbele.
Mwanawe hakuwa naye, karatasi za Lilungu zilikuwa hazijaisha.
Hakugeuka tangu Mtwara.
Pale Nanguruwe alinunua machungwa dirishani,
akanyoosha mkono nyuma, macho mbele,
na chungwa moja.
Abiria wakalipitisha mkono kwa mkono, wakidhani ni letu,
ni ndugu, tumekosana viti.
Nikalipokea. Sikulimenya.

Sasa sina wa kuniuliza, najiuliza.
Ugomvi ulikuwepo kabla ya koroboi.
Labda ugomvi ndio uliomulika.

Umeme umefika Kitangari mwaka jana.
Jana usiku nilizima taa zote,
nikaishusha koroboi kutoka darini,
ina buibui, ina kutu, utambi bado ni ule.
Nikapindua kinu.
Nikamwambia mjukuu wangu Shaweji: nenda kasimame mlangoni,
usicheke, usiseme kitu.
Nikahesabu hatua. Saba. Mahakamani nilisema tano.
Nikawasha.

Nikaona shati.
Nikaona mkono, kiwiko, kitasa cha mlango.
Juu ya shati palikuwa na weusi, mviringo, kama uso,
na nilimjua ni nani,
kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia asimame pale.